Begi lililotunzwa bila kuonekana

Mwaka wangu wa kwanza mapokezi, kwenye hoteli moja ya Mji Mkongwe, alifika mama mmoja wa Kiingereza akiwa na mkoba wa mkononi tu. Begi lake kubwa halikuonekana uwanja wa ndege. Nikapiga simu, nikaambiwa bado wanalitafuta. Nikamrudia mama na tabasamu la kazi: “Don't worry, madam, they are looking after your bag.”

Uso ukamkunjuka. Akashukuru, akanywa chai, akaenda zake Forodhani kupunga upepo. Saa mbili usiku huyo kaunta, anaomba begi lake abadili nguo. Kaka niliyekuwa naye zamu akanivuta pembeni. “Mdogo wangu, umemwambia nini huyu? Yeye anajua begi lipo, limewekwa mahali.” Nilikusudia kusema looking for, wanalitafuta. Nikasema looking after, wanalitunza. Nililala na aibu ile mpaka begi lilipoletwa kesho yake mchana.

Shuleni tulifundishwa maneno haya kwa orodha: look for, look after, look into, look up, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Nilizikariri zote na mtihani nikaupasua. Lakini ukizipanga hivyo zinafanana kama watoto waliovaa sare, na ulimi wenye haraka humshika aliye karibu.

Kilichonifungua macho ni Kiswahili chenyewe. Mmoja akisema “nimehama Kikwajuni” na mwingine “nimehamia Kikwajuni”, hakuna anayebabaika: wa kwanza katoka, wa pili kaingia. Hakuna aliyetukalisha chini kutueleza kazi ya ile “i”. Tulilisikia neno zima, pamoja na mtaa wake na mizigo yake juu ya mkokoteni. Waingereza nao wana move out na move in. Wao mkia wameuacha nje, sisi tumeushonea ndani ya kitenzi, basi.

Kwa hiyo daftari langu la zamani nililitupa. Katika jipya siandiki kitenzi peke yake, naandika na kitu chake. Put out huandamana na moto: put out the fire. Taa ni turn off au switch off. Najua huku kwetu tunasema put off the light na tunaelewana vizuri tu, wala sitamcheka mtu kwa hilo, ila mgeni atasita kidogo kabla hajakuelewa. Yeye put off anaijua kwa safari, kikao, harusi, mambo yanayoahirishwa.

Na hapo kwenye kuahirisha pana shimo jingine, nalo nililiingia. Msimu wa kusi, siku moja bahari ilichafuka na nahodha akasema Changuu tutakwenda kesho asubuhi. Nikawatangazia wageni kwamba safari “has been called off”. Wakaja kaunta kudai pesa zao, na walikuwa na haki, maana call off ni kufuta kabisa. Nilipaswa kusema put off until tomorrow. Tangu siku hiyo, nikitumia put off naitaja na siku mpya papo hapo. Nikiona sina siku ya kutaja, najua ninachotafuta ni call off.

Fomu zisikuumize kichwa. Mwingereza atasema fill in the form, Mmarekani fill out, na wote wako sawa. Fill up iachie tangi la mafuta. Na ukimwahidi mgeni kumfuata uwanja wa ndege, usisahau up: I'll pick you up. Sisi tumezoea “I'll pick you”, ambayo masikioni mwake ni kama umemchagua kwenye foleni.

Kuna jambo moja dogo la mpangilio. Kitu kikigeuka it, mara nyingi kinaingia katikati: turn it off, put it off, fill it in. Ni kama “i” inayosimama badala ya taa inavyojibana ndani ya “nitaizima”. Lakini look for na look after hazikubali kupasuliwa. It inakaa nyuma, look after it. Hili sina hila yake. Ulisikie mara nyingi, liseme kwa sauti unapokunja mashuka.

Halafu kuna turn down, ambayo hata wenyewe inawachanganya. Turn down the music, punguza sauti. Turn down an offer, kataa. Jioni wahudumu wa vyumba wana turndown yao, kuandaa kitanda kwa ajili ya usingizi. Sasa mgeni anapiga simu chumbani: “Can you turn down the AC?” Punguza nini? Mmoja anataka namba ishuke kutoka 24 hadi 18, baridi izidi. Mwingine anataka mashine ipunguze nguvu kwa sababu anatetemeka. Niliwahi kumgandisha mzee wa watu namna hiyo. Siku hizi siendi na rimoti kabla sijauliza: “Cooler or warmer, sir?” Hajawahi kuniona mjinga mtu kwa swali hilo.

Juzi, baada ya miaka yote hii, kijana mmoja alifika na mkoba mgongoni, hata hajakaa. “Can I check out the room first?” Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kompyuta kutoa bili. Angesema check out of the room, ningekuwa sahihi, anaondoka. Alitaka kwenda kukiona chumba tu. Nikaiacha bili, nikachukua ufunguo, tukapanda ngazi.