Maswali ya Bustani: Waridi linalozikwa Oktoba

*Anajibu Babu Miiba*

SWALI: Shikamoo Babu. Binti yangu ameolewa Minneapolis, Marekani. Amepanda mawaridi mara mbili na mara zote baridi imeyaua. Sasa jirani yake, bibi mmoja wa Kizungu, amempa miche mitatu na kumwambia akiitunza vizuri watapeleka maua pamoja kwenye mashindano. Mimi hapa Shanty Town waridi nalikata kwa panga na bado linachipua, kwa hiyo sina la kumwambia. Nimsaidieje? — *Mama wa Watatu, Moshi*

JIBU: Marahaba mama. Umemuuliza aliyepita huko. Nilifanya kazi miaka 13 kwenye chumba cha kupanga mawaridi ya kusafirishwa, Usa River. Nilipostaafu mwanangu akanichukua Minnesota, jimbo lenye mji huo wa binti yako, nikakaa naye vipindi sita vya baridi. Mkono uliozoea miiba hautulii, nikaomba kipande cha uwanja wake.

Mwambie binti kwanza kwamba si mkono wake mbaya. Baridi ya Julai tunayoinunia hapa Moshi haigandishi hata maji ya kuku. Kule kipimo kinaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na msingi wa nyumba huchimbwa zaidi ya mita moja ili upite udongo unaoganda. Waridi la mashindano, lile lenye ua moja kubwa juu ya shina refu, halijaumbiwa hali hiyo. Linakufa hadi kwenye kiungo, pale lilipobebeshwa juu ya shina la waridi jingine. Aprili chini ya kiungo panachipua kitu cha kijani, mtu anashangilia limepona, kumbe ni shina mama tu, na ua litakalotoa silo alilonunua.

Wenyeji wana njia yao wanayoiita Minnesota Tip, iliyoanzishwa na mkulima wa hukohuko, Albert Nelson. Kwa Kiswahili chetu: unalizika waridi likiwa hai. Mbolea inasimama katikati ya Agosti ili mti usiendelee kutoa machipukizi mateketeke. Ikifika katikati ya Oktoba, kabla udongo haujawa jiwe, unafunga matawi kwa kamba kama mzigo wa kuni, unachimba mtaro wenye urefu wa mti wenyewe, kisha unalegeza mizizi kwa uma wa shamba, ukianzia upande ulio mbali na mtaro. Hapo unausukuma mti polepole ulale. Kinachopinda ni mizizi, si matawi. Ukipinda matawi yanavunjika na umejitafutia hasara. Mara yangu ya kwanza nilisikia mzizi ukilia *krr* chini ya uma, nikaachia mikono yote miwili. Mwanangu akasema, "Baba, sukuma tu." Nikasukuma huku nimefumba macho.

Unafunika kwa udongo, na baadaye kidogo unaweka juu yake majani makavu, rundo linalofika magotini. Asisahau dawa ya panya, maana wanapenda sana kitanda hicho na hutafuna magome. Theluji ikishuka aiache palepale, ni blanketi. Kinachoua zaidi ni udongo kuganda, kuyeyuka, kisha kuganda tena. Mwanzoni mwa Aprili anaanza kuondoa majani, na katikati ya mwezi huo anausimamisha mti na kuumwagilia sana.

Akiona kazi hii ni kubwa, wapo watafiti wa serikali ya Kanada waliozalisha mawaridi yanayohimili baridi yakiwa wima: William Baffin, John Cabot, Morden Blush. Ni mazuri uani, na maonyesho mengi yana meza ya mawaridi ya vichaka. Ila pale kwenye meza ya ua moja shina moja, ambako ndiko macho ya watu yalipo, hayatamfikisha.

Sasa mashindano. Mimi niliingia kwa kiburi cha Usa River. Nilijua waridi bora ni tumba lililofumba, shina sentimita 60, limenyooka kama rula. Nikapeleka hilo. Jaji, mama mmoja mwenye miwani shingoni, alilitazama kwa muda wa kupiga chafya akapita. Baadaye alinieleza bila kunidharau: sisi tunakata ua ambalo mnunuzi atalifungua kwake mezani; yeye anataka lililofunguka tayari, nusu hadi robo tatu, petali zikizunguka kitovu kilichochongoka. Kwa utaratibu wa American Rose Society, chama cha wapenda mawaridi cha Marekani, alama ni 100. Umbo lina 25, rangi 20, shina na majani 20, ubichi wa petali 15, uwiano 10 na ukubwa 10. Urefu wa shina niliouringia umo ndani ya ule uwiano tu.

Kosa langu la pili lilikuwa dogo kama punje ya ulezi. Tumba za pembeni huondolewa kwa kidole zikiwa changa, ili ua la kati libaki peke yake. Mimi nilichelewa, nikaziondoa siku mbili kabla, na penye kila tumba pakabaki kovu jeusi. Binti aanze kuzichomoa zikiwa bado ndogo kiasi cha kushikwa kwa kucha.

Siku ya kukata, akate jioni au alfajiri, atie mara moja kwenye maji ya uvuguvugu, kisha kwenye friji, mbali na matunda. Majani ayafute kwa kipande cha soksi ya nailoni, yatang'aa yenyewe. Asipake mafuta! Kitu chochote cha kuongezwa kinamtoa mashindanoni, sawa na kuandika jina la waridi kimakosa. Kwa hiyo amuulize yule bibi majina ya ile miche mitatu leo, aandike kwenye kibao cha bati. Cha mbao kitaoza pale udongoni.

SWALI: Babu, kazini tunauziwa mawaridi yaliyokataliwa kwa bei ndogo. Nikifika nyumbani yanainamisha vichwa kesho yake, hata hayajafunguka. Ni dawa za shambani? — *Neema, Tengeru*

JIBU: Hapana, ni kiu. Ukilikata na kulibeba kwenye daladala bila maji, hewa inaingia kwenye shina na maji hayapandi tena hata ukiliweka kwenye ndoo. Lifunge shingoni kwa gazeti lisimame wima, kata sentimita mbili za chini ukiwa umelizamisha ndani ya maji, kisha liache kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika karibu na gazeti kwa saa mbili au tatu. Mengi huinua vichwa. Yasiyoinua, chemsha chai ukae nayo. Nimewahi kusubiri hadi saa nne usiku kwa ajili ya moja jekundu, na halikuinuka.