Mwanangu, ile sumaku ya elektroni uloniuliza

Mwanangu, marahaba, salamu zako nimezipata. Umeniuliza kama elektroni, ile chembe ndogo ya umeme ndani ya atomi, ni kipete kidogo umeme unazunguka ndani ndo maana ina sumaku, na mwalimu kakwambia sivyo ukabaki na donge. Jana nlikuwa kibandani hapa Barabara ya 12 nawaindi mota ya pampu ya maji, swali lako likanikaa kichwani mpaka adhuhuri.

Wazo lako si la kijinga, mwaka 1915 Mwingereza Alfred Parson alisema hivohivo, elektroni ni pete ya chaji inayozunguka. Afu 1925 wanafizikia Uhlenbeck na Goudsmit wakaja na spini, yaani chembe ina sumaku kana kwamba inajizungusha, vijana wadogo wale, ila mwanafizikia mzee Lorentz akapiga hesabu akaona kama ni kigololi kweli kinazunguka basi ngozi yake ingebidi ikimbie kushinda mwanga. Haiwezekani. Na mpaka leo wanasayansi wakiipiga elektroni kwenye mashine zao hawaoni kitu ndani, ni nukta tu, kwaiyo hapo mwalimu wako yuko sawa.

Ila hiyo picha usiitupe, ipeleke kwenye nyutroni, chembe ya katikati ya atomi. Nlichukua koili moja kabla sijaiingiza kwenye steta, ile sehemu ya mota isiyozunguka, kopa bado inang'aa, nikaigusisha betri ya bodaboda nikasogeza dira ya jirani yetu mvuvi, mshale ukageuka palepale. Sasa koili ile pima chaji yake hupati kitu, chanya na hasi zimelingana, lakini sumaku inayo! Nyutroni nayo chaji sifuri, halafu 1940 Alvarez na Bloch wakaipima nguvu ya sumaku yake. Kitu kisicho na chaji kinatoa wapi sumaku kama ndani ni patupu? Hapo mie moyo hunidunda kila nikisoma.

Ndani ya nyutroni mna kwaki tatu, vichembe vidogo zaidi, walizileta Gell-Mann na Zweig 1964, moja chaji theluthi mbili chanya, mbili zilobaki kila moja theluthi hasi, jumla sifuri. Hamna waya humo wala pete, kila kwaki ina spini yake, na ukizijumlisha kwa hesabu nyepesi sumaku ya nyutroni inakuja hasi 0.667 ya ile ya protoni, jirani yake mwenye chaji chanya, vipimo vinasema hasi 0.685. Karibu hivo, mwanangu!

Koili ile nimeiweka kando sijaipaka vanishi, ukija Idi tuigusishe betri uone mwenyewe.

Baba ako