Spishi mpya za sisimizi haziishi kutokea: nitajuaje nimefika mwisho?

Swali

Shikamoo mtaalamu. Ninaorodhesha sisimizi wa msitu wa mvua wa nyanda za chini, katika ukanda wa tropiki. Nimetumia mitego ya vikombe vilivyofukiwa ardhini peke yake. Hadi sasa nina spishi 62. Kati yake 20 nimezipata katika kikombe kimoja tu, na 8 katika vikombe viwili. Kila nikitega upya, spishi nyingine hujitokeza. Nitajuaje kwamba nimemaliza? Tena kuna kikombe kilichojaa maelfu ya sisimizi wa spishi moja. Nikiwahesabu wote, si watawafunika wengine kwenye hesabu ya uanuwai?

Jibu

Marahaba. Umefanya vyema kutenganisha spishi za kikombe kimoja na zile za vikombe viwili. Wengi huniletea jumla tu, na jumla peke yake haiwezi kujibu swali lako.

Kuna kanuni iitwayo Chao 2, kazi ya mwanatakwimu Anne Chao ya miaka ya 1980, inayokadiria spishi ambazo hazijaonekana kwa kutazama zilizoonekana kwa nadra. Chukua idadi ya spishi za kikombe kimoja, izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya kwa mara mbili ya idadi ya spishi za vikombe viwili. Kwako ni 20 mara 20, yaani 400, gawanya kwa 16, unapata 25. Jumlisha na 62 ulizonazo: 87. Na 87 ni makadirio ya chini. Kwa hiyo, zaidi ya robo ya spishi zinazoweza kuingia kwenye vikombe vyako bado hujazikamata. Utajua unakaribia mwisho pale spishi za kikombe kimoja zitakapopungua na za vikombe viwili na kuendelea zitakapoongezeka, hadi pengo hilo la 25 libaki dogo.

Lakini kabla ya kuiamini 87, rudi kwenye hadubini na uzikague upya zile 20. Hapa ndipo orodha nyingi za sisimizi huharibika. Katika jenasi ya Pheidole, yenye spishi zaidi ya 1,000 duniani, askari ana kichwa kikubwa mno na mfanyakazi mdogo ana kichwa cha kawaida. Ukiwakuta katika vikombe tofauti, utaapa kwamba ni spishi mbili. Wafanyakazi wa Camponotus nao hutofautiana sana kwa ukubwa ndani ya kiota kimoja. Madume na malkia wenye mabawa ndio wanaopotosha zaidi. Dume la siafu ana mabawa na mwili mnene mrefu, wala hafanani hata kidogo na wafanyakazi wa kundi lake. Askari mmoja, malkia mmoja au dume mmoja aliyeandikwa kama spishi ya pekee anaingia moja kwa moja kwenye zile 20, na namba hiyo ndiyo inayozidishwa kwa yenyewe. Tuseme wanne kati yao ni wa namna hiyo na wanarudi kwenye spishi ambazo tayari unazo katika vikombe vingi. Utabaki na spishi 58, za kikombe kimoja zikiwa 16. Makadirio yanashuka hadi 74. Makosa manne ya utambuzi yamezaa spishi 13 za hewani. Ndiyo maana mimi huhesabu spishi kwa wafanyakazi tu, na madume na malkia nawaweka kando mpaka nipate kiota chao au vinasaba vinavyowaunganisha na wafanyakazi.

Kuhusu kikombe kilichojaa, hofu yako ni ya haki. Sisimizi huishi kwa makundi, na kikombe kilichofukiwa kando ya kiota au kwenye njia yao kitajaa bila kukuambia lolote kuhusu wingi wa spishi hiyo msituni. Hesabu kutokea, usihesabu vichwa: spishi ilikuwamo katika kikombe hiki au haikuwamo. Maelfu wale wanakuwa tukio moja. Spishi iliyoingia vikombe 40 mmoja mmoja imeenea kuliko iliyoingia kimoja kwa maelfu, na jedwali lako lionyeshe hivyo.

Sasa jambo zito zaidi. Iwe 87 au 74, namba hiyo inawahusu sisimizi wanaotembea juu ya ardhi na kutumbukia. Hata ukiendelea kutega vikombe miaka mingi, utakaribia mwisho wa vikombe tu. Msitu wenyewe utakuwa bado. Sisimizi wadogo wa jenasi ya Strumigenys, wanaowinda ndani ya majani yaliyooza, huingia vikombeni kwa nadra. Hao unawapata kwa kuchekecha: kusanya majani yaliyoanguka katika mita moja ya mraba, yapitishe kwenye chekeche, kisha tundika kilichopita ndani ya mfuko wa Winkler. Kadiri yanavyokauka, wadudu hutoka na kudondokea kwenye chombo cha ethanoli chini. Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2000 unapendekeza mstari wa mita 200, wenye sampuli 20 za majani na vikombe 20, kila kimoja kwa nafasi ya mita 10, na saa 48 za kusubiri. Ufuate, maana utaweza kulinganisha msitu wako na misitu mingine iliyopimwa vivyo hivyo. Usichekeche mara tu baada ya mvua. Majani yaliyolowa hushikana na wadudu hawatoki.

Juu ya miti kuna ulimwengu mwingine. Mwaka 1987 Edward O. Wilson, mtaalamu wa sisimizi wa Marekani, alitoa taarifa ya spishi 43 za sisimizi kutoka mti mmoja tu huko Tambopata, Peru. Kama huna njia ya kupanda juu, pasua vijiti vikavu vyenye mashimo, kagua matawi yaliyoanguka karibuni, na piga vichaka juu ya kitambaa cheupe, mchana na usiku. Chini ya udongo nako, chambo cha mafuta ya mawese kilichofukiwa huwavuta siafu wasiojitokeza juu. Chambo cha jodari au asali juu ya ardhi sikipendekezi kwa kuorodhesha. Spishi mbabe chache hukiteka mapema na kuwafukuza wengine.

Kila njia iwe na jedwali lake na makadirio yake, ndipo uunganishe orodha.

Usiwatupe wale wa pekee hata baada ya kuwapiga picha. Martialis heureka ilielezwa mwaka 2008 kwa mfanyakazi mmoja tu aliyepatikana karibu na Manaus, Brazil, na huyo mmoja alitosha kuundiwa nusufamilia mpya. Hifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 95 ili vinasaba visiharibike. Kila kichupa kiwe na lebo ya ndani, iliyoandikwa kwa penseli: mahali kwa latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, njia, namba ya sampuli, jina la mkusanyaji. Spishi usiyoijua ipe namba, kwa mfano Pheidole 03, na namba hiyo isibadilike hata jina litakapopatikana. Linganisha na picha za AntWeb, tovuti ya picha za sisimizi wa dunia, kisha angalau kielelezo kimoja cha kila spishi kikae makumbusho, ili atakayetilia shaka orodha yako akakitazame mwenyewe.