Mwanangu, siku kumi na moja hazitoshi

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza: kwa kuwa ulifika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, bila hata kuumwa kichwa, na kambi ya chini ya Everest iko mita 5,364 tu, je, siku kumi na moja mlizopanga wewe na wenzako, tangu kutoka Dar mpaka kurudi Dar, zitatosha? Hazitoshi. Nimeanza kama mgumu, yaani mpagazi, nikabeba mizigo, nikaja kuongoza wageni mlimani kwetu, na Khumbu, eneo la Nepal lenye njia ya Everest, nimetembea kwa miguu yangu. Hili naomba unisikilize.

Kilimanjaro unaanza kupanda usiku, unafika kileleni alfajiri, jioni uko Horombo, mita 3,720. Kileleni unapita tu, hulali. Nepal mtalala kijiji cha Lobuche, zaidi ya mita 4,900, kisha Gorak Shep, mita 5,164. Kote huko ni juu kuliko kibanda cha Kibo, cha mwisho kabla ya kilele chetu. Na mtu akizidiwa, hakuna kuteremka moja kwa moja mpaka getini kama tunavyofanya Marangu. Bonde ni refu, njia inashuka mtoni na kupanda tena.

Kwa hiyo mkishavuka mita 3,000, pa kulala pasizidi pale mlipolala jana kwa zaidi ya mita 500. Namche, mji ulio njiani, mita 3,440, laleni siku mbili; mchana pandeni juu kidogo, jioni rudini kulala. Dingboche, kijiji cha juu zaidi, fanyeni vivyo hivyo. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, muulize daktari kabla ya kusafiri, lakini usiitegemee ikufidie siku mlizobana.

Kichwa kikimuuma mwenzio na chakula kikamshinda, msipande zaidi siku hiyo. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akipepesuka kama mlevi, au akihema ilhali amekaa tu, ashushwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kusema "tusubiri asubuhi" kumeua watu wenye nguvu kuliko wewe.

Halafu kuna Lukla, mji mtakaoshukia ndege na kuanza kutembea. Uwanja wake una njia ya kurukia ya mita 527, tena ya mteremko, na ndege ndogo huruka asubuhi. Ukungu ukifunga, hakuna ndege, na mnaweza kukaa pale siku mbili. Msimu wa watalii safari nyingi za ndege za Lukla huanzia uwanja wa Manthali, wilaya ya Ramechhap, kwa hiyo mtatoka Kathmandu kwa gari usiku wa manane. Acheni siku mbili za akiba kabla ya ndege ya kurudi nyumbani.

Njiani mtapishana na yaki, ng'ombe wa huko wenye manyoya marefu, na nyumbu wenye mizigo. Ukisikia kengele, simama upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa bonde. Gunia lililofungwa ubavuni mwa mnyama likikugusa begani linakusukuma korongoni, naye hata hajui. Nililiona likimtikisa mzungu mmoja karibu na daraja, akadakwa mkanda wa begi.

Mpagazi wenu mumwangalie. Kwetu mzigo ni kilo 20. Msimpakie zaidi kwa sababu tu hakatai. Hakikisheni ana viatu na koti kabla hamjaondoka.

Mengine ni madogo. Viza mtapata uwanjani Kathmandu, dola 50 kwa siku 30. Kadi ya manjano usiisahau. Bima iseme wazi kwamba inalipia helikopta na inafika mita 6,000. Fedha taslimu chukueni kabla ya kupita Namche. Vyumba vya kulala wageni havina moto, jiko liko ukumbini tu, kwa hiyo lala na betri ya simu ndani ya mfuko wa kulalia, baridi isimalize chaji. Kula na kupokea ni kwa mkono wa kulia, hilo tulishakufundisha. Stupa, yaani majengo ya ibada ya Wabuddha, na kuta za mawe ya sala zipite zikiwa kuliani kwako.

Kama ofisi haitakuongezea likizo, nendeni mji wa Pokhara, huko huko Nepal, mkapande kilima cha Poon Hill, mita 3,210, muione milima ya Annapurna na Dhaulagiri jua likichomoza. Ni safari kamili, wala hakuna atakayewacheka.

Nitumie ratiba mpya kabla hujalipia tiketi ya Lukla. Andika mtalala wapi kila usiku, na urefu wake kwa mita.

Baba yako