Maswali ya Wasomaji: Kuwachana Mastaa Bila Kufikishana Mahakamani

Swali: Salaam, mhariri. Nimeandika wimbo wa hip hop wa kuchekesha, nawachana mastaa watano wa Bongo kwa majina. Wenzangu wanasema nitashtakiwa. Mmoja anasema nikiweka mafumbo badala ya majina nitakuwa salama. Ni kweli?
*Msomaji, Makorora, Tanga*

Jibu: Fumbo halikukingi. Kwenye kesi ya kashfa inatosha mlalamikaji aonyeshe kwamba wasikilizaji walimtambua, na mji uliolelewa na taarabu za vikundi vya Black Star na Lucky Star haushindwi kufumbua kijembe. Kinachoponza ni kile unachosema juu ya mtu, umemtaja au hukumtaja.

Soma kila mstari bila biti, kama unasoma barua. Msikilizaji akiweza kuuliza "Una ushahidi?", hiyo ni tuhuma. Linganisha hii miwili:

"Pete vidole kumi, tonge halishikiki."
"Pete vidole kumi, zote hajazilipa."

Wa kwanza unacheka kitu ambacho kila mtu anakiona pichani. Wa pili unamtangazia deni, na ukiitwa utatakiwa kulithibitisha. Maradhi, fumanizi, baba halisi wa mtoto, dawa za kulevya: futa yote. Tena hayo hayachekeshi, watu huguna tu.

Chumvi usiiogope. Mwaka 2003, huko Michigan, Marekani, Eminem alishinda kesi iliyofunguliwa na mtu waliyesoma naye shule. Jaji aliona mistari ile imetiwa chumvi mno, hakuna ambaye angeichukua kama habari ya kweli. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, lakini mantiki yake inafaa: uongo mdogo unaoaminika ni hatari kuliko uongo mkubwa wa wazi.

Kumbuka pia kwamba wimbo unaweza kuzuiwa hata pasipo staa kulalamika mahakamani. Mwaka 2016 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) lilimfungia rapa Nay wa Mitego wimbo wa "Shika Adabu Yako", uliowakejeli mastaa wenzake. Ukiupandisha mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inakuhusu.

Na watano ni wengi. Vesi ya mistari 16 inabeba watatu, mistari minne kila mmoja. Minne ya mwanzo jichane wewe mwenyewe, ili msikilizaji asikuone mwenye kijicho.

Swali: Nikiichana mistari yangu maskani watu wanavunjika mbavu, nikirekodi inapoa. Biti ina mapigo 90 kwa dakika.
*Msomaji, Pongwe*

Jibu: Maskani unasubiri kicheko kiishe, biti haikusubiri. Kwa mapigo 90, mstari mmoja wa mapigo manne unachukua sekunde 2.7 hivi. Ukipigilia panchi (mstari wa kuchekesha) nyingine papo hapo, kicheko kinaimeza. Baada ya panchi kubwa acha mapigo mawili matupu, au weka mstari mwepesi usio na neno la maana.

Hesabu mizani pia, yaani silabi za mstari. Kila pigo lina nafasi nne za silabi, kwa hiyo mstari mzima una nafasi 16, sawa kabisa na mshororo wa shairi wa 8 kwa 8. Ndiyo maana waliozoea mashairi wakiingia studio hukosa pumzi: wamejaza nafasi zote. Punguza zibaki 12 hadi 14. Neno la kuchekesha liwe la mwisho kabisa, lisifuatwe hata na "bwana". Halafu mwambie prodyuza azime ngoma na besi kwenye pigo la nne, neno hilo lisikike peke yake. Afanye hivyo mara mbili tu kwa vesi, akizidisha sikio linazoea na linaanza kutegea.

Vina navyo: sikio la hip hop linataka silabi mbili za mwisho zifanane, kwa sababu mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. "Shati" na "bahati" vinagonga. "Shati" na "kiti" kwenye shairi ni halali, kwenye biti vinalegea.

Swali: Biti niliipakua YouTube, imeandikwa ya bure. Naweza kuuza wimbo?
*Msomaji, Chumbageni*

Jibu: Soma maelezo chini ya video. Mara nyingi "bure" ni kwa matumizi yasiyo ya biashara, na ukianza kuuza mwenye biti anaweza kudai mapato au wimbo ushushwe. Nunua leseni kwanza, na uhifadhi risiti pamoja na hati ya masharti.