Majani uliyofyeka si ya jaani

Masika yakishapita kila mwenye kiwanja hushika panga, na barua ninazoletewa huwa ni za namna moja: nimeshafyeka, haya majani sasa niyapeleke wapi?

*Nilikuwa safarini, niliporudi nimekuta uwani kumekuwa pori. Nimefyeka, limebaki rundo la kufika kifuani. Jirani ananambia nitie moto tu. (Msomaji, Fuoni)*

Usitie moto, ndugu yangu. Majani mabichi hayawaki, yanafuka, na nyumba za Fuoni zimebanana. Moshi huo atauvuta mtoto wa jirani mwenye pumu, na wewe utakuwa umeunguza mbolea yako mwenyewe.

Matawi makubwa yaweke kando, ni kuni. Majani na vijiti laini vikatekate kwa panga. Tafuta pembe yenye kivuli, tandika vijiti chini ili hewa ipite, kisha panga tabaka la majani mabichi, tabaka la makavu, samadi kidogo ya ng'ombe au ya kuku, na maji. Rundo lifike mita 1 kwenda juu na mita 1 upana. Likiwa dogo halishiki joto. Baada ya siku chache chomeka kijiti katikati, kiache kidogo, kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, mambo yanakwenda. Kikiwa kikavu na baridi, tia maji. Kikinuka uvundo, maji yamezidi, ligeuze rundo. Hata bila ya uvundo, geuza kila baada ya wiki 2 au 3. Kwa joto letu hili, miezi 3 hivi mboji yako iko tayari.

Ndago tu usiichanganye humo. Vile vibonge vya mizizini havifi kwa urahisi, na utakuja kuipanda upya bustani nzima kwa mkono wako. Vianike juu ya bati mpaka vikauke kabisa.

*Kuna vijana wa gari la ng'ombe wanaochukua taka kwa bei nafuu. Niwape? (Msomaji, Mwanakwerekwe)*

Waulize kwanza wanakwenda kuzimwaga wapi. Taka za Mjini zina jaa lake Kibele. Mtu akikujibu "hapo chini tu", anakusudia mtaro au bonde. Vuli ikinyesha, matawi yako ndiyo yatakayoziba maji na kuyaingiza vyumbani kwa watu. Hilo linaniuma sana, maana wanaofurikiwa si waliofyeka. Muulize sheha wako utaratibu wa mtaani. Na majani usiyatie kwenye mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku Zanzibar tangu 2006. Pakacha na magunia yanatosha.

*Mbuzi wangu naweza kuwapa? (Msomaji, Chake Chake)*

Majani ya mfenesi na ya mgomba wape, watashukuru. Mmea usioujua usiwape, wala mnyaa. Utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni osha kwa maji mengi na uwahi hospitali.

*Tumeangusha minazi miwili mizee. Magogo tuyaache yaoze wenyewe shambani? (Msomaji, Wete)*

Msiyaache, nawaombeni. Gogo la mnazi linalooza ndipo anapotaga chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe. Mabuu yake ni manene, meupe, yamejikunja, yanakula humo humo ndani. Akishakua anaruka usiku na kutoboa kilele cha mnazi mzima. Tazameni minazi iliyobaki: makuti yakifunguka yamekatika pembe tatu kama yaliyopitiwa na mkasi, ameshafika. Mnazi mchanga unaweza kufa kabisa.

Yapasueni magogo yangali magumu. Yanayofaa mbao yapasuliwe mbao, mengine yawe kuni, au muulize wenye matanuri ya chokaa kama wanayahitaji. Kisiki king'oeni au kipasueni kikauke. Chonga hutaga kwenye marundo ya samadi na mboji pia, kwa hiyo mnapogeuza mkikuta mabuu makubwa warushieni kuku.

*Ukuta wangu umevamiwa na upupu na sina pa kuutupa, huku kwetu ni mawe matupu. (Msomaji, Makunduchi)*

Ukate ungali na maua, kabla maganda ya mbegu hayajakauka, kwani vinyweleo vyake ndivyo vinavyowasha. Ukiwa umeshakauka, ungoje asubuhi isiyo na upepo, urashie maji, uvae mikono mirefu na ujifunge kitambaa usoni, kisha uufukie kwenye shimo. Ukikupata usijikune, unavisambaza. Jioshe kwa maji mengi.

Upupu mbichi usiozaa ni mali, kwa sababu ni jamii ya kunde na unarutubisha ardhi. Kwenye maweni kama yenu, udongo uko kidogo kidogo kwenye vishimo baina ya mawe, basi hamna haja ya rundo. Yakatekate majani, yatandaze mashimoni juu ya mizizi ya mipapai na mihogo, unene wa kiganja, ila yasiguse shina. Ukimaliza, mwagia maji.