Uwanja wa Mazoezi Uliokuwa Safi Kupita Kiasi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza kama kuna haja ya kujenga uwanja wa kuigizia mashambulizi ya mtandao, yaani mtandao wa mashine za mazoezi, ilhali cheti cha usalama hupatikana kwa kusoma. Swali lake liligusa mahali ambapo bado pananiuma.

Katika mradi wangu wa kwanza mkubwa nilimwahidi mteja kwamba programu hasidi ikifunga mafaili yake, tungeyarejesha kwa muda wa saa 4. Sikuitoa namba hiyo hewani, kwani tulikuwa tumeigiza shambulio hilo mara 6, tukirejesha kila kitu kutoka kwenye nakala rudufu, na kila mara muda huo ulitosha. Hata hivyo, seva zetu za mazoezi zilibeba data kiduchu, hapakuwa na mtumiaji hata mmoja aliyekuwa akifungua barua pepe au kuchapa hati, na saa za mashine zote zilikwenda sawia. Shambulio la kweli lilipokuja, saa ya seva moja ilikuwa imechelewa kwa dakika 17, hivyo katika kumbukumbu za mfumo mvamizi alionekana ametoka kwenye seva ya malipo kabla hajaingia. Tulihangaika na kitendawili hicho usiku kucha, na kazi yote ikachukua siku 2. Mkuu wangu aliyasoma makadirio yangu kwa sauti mbele ya kikao kizima, nami sijaisahau sauti ile.

Tangu hapo najenga uwanja wenye kasoro zilezile za mtandao halisi. WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili, ilisambaa Mei 2017 ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu huo, tangu Machi. Kwa hiyo uwanja ambao kila mashine yake imesasishwa haukufundishi lolote kuhusu siku kama ile. Katika Locked Shields, zoezi la kimataifa la kulinda mitandao linaloendeshwa kutoka Tallinn, Estonia, tangu 2010, timu hujibu pia maswali ya wanasheria na waandishi wa habari huku zikishambuliwa. Nawe usijizoeze katika utulivu ambao hutaupata kazini.

Mwezi uliopita tulimkadiria mteja mwingine saa 31, na urejeshaji ukakamilika kwa saa 29. Ninajivunia hilo waziwazi. Basi, ndugu msomaji, jenga uwanja huo, ujaze data ya ujazo halisi, uache mashine kuukuu humo, na uicheleweshe saa ya seva moja bila kuiambia timu yako.